Kontrabasi ya mutu anaanza: shusha kamba kwanza, masomo baadaye

Bandugu, kama uko unajifunza kontrabasi, ile violoni kubwa ya kusimama, na bidole binakuuma mpaka unaogopa kuishika, kosa haiko ku bidole. Nasikiaka batu banaambia batoto, "vumilia tu, ngozi itakuwa ngumu, siye wote tulipitia pale." Mi nakatala. Ngozi itakomaa, ile ni kweli, lakini kuna maumivu ya kuzobelea na kuna maumivu ya chombo yenye haijapangwa, na hii ya pili haina mwisho, utapiga mwaka muzima na kamba itabakia juu vilevile, kisha utajiambia hauna kipaji.

Naandika hii juu ya mwipwa yangu. Korali yao, kule Katuba mu Lubumbashi, ilipata kontrabasi ya zamani yenye ilitoka Ulaya ndani ya konteneri, ikashukia Dar es Salaam, ikavuka mpaka ku Kasumbalesa, ikafika na vumbi mu tumbo na shevale, kale kabao kanabeba kamba juu ya uso, imefungwa mu gazeti pembeni. Mukubwa moja wa korali akaisimamisha shevale, akakaza kamba, akamupatia mutoto. Haikupita siku mingi mutoto ananipigia simu: "Tonton, mi nitarudi ku soprano." Nikaenda na regle ya masomo. Ku mwisho ya tushi, ile mbao nyeusi ya bidole, kamba ya sol, ile nyembamba kabisa, ilikuwa mm 12 juu ya mbao, na kamba ya mi, ile nene kabisa, ilipita 15. Sasa mutoto wa miaka 15, mikono myembamba vile, unamuomba akandamize kintu kama ile katika misa nzima? Hata mimi ningerudi ku soprano.

Na hatujui mambo haya kwa sababu moja: kwetu Katanga, bass ilikaa mu kidole gumba ya mupiga gita. Jean Bosco Mwenda, mupiga gita wa kwetu, wakati Hugh Tracey, mukusanyaji wa muziki ya Afrika, alimurekodi Jadotville, Likasi ya leo, mu 1952, alikuwa na gita moja tu na ndani yake unasikia bass, melodi, yote. Kule Léopoldville bakubwa ba rumba ya miaka ya 1950 balikuwa na kontrabasi, unaisikia mu santuri za zamani, ile "dum" ya mbao inakuya na kuzimika mbio. Lakini Fender, mutengenezaji wa gita kule Amerika, alikuwa amekwisha kutoa Precision Bass mu 1951, na polepole ile gita ya umeme ikaingia mu orkestre zote, kontrabasi ikabaki ku makanisa, ku konservatware na ku batu ba jazi. Kwa hiyo mutu wa kukuonyesha vile kontrabasi inapangwa, hapa Lubumbashi, utamutafuta. Menizie, mafundi ba mbao, ndiyo tunao, na bazuri, lakini menizie anajua meza.

Sasa tuingie kazi. Mbele ya kugusa kamba hata moja, angalia ame. Ni kafimbo ka mbao kanasimama ndani ya tumbo. Washa tochi ya telefone, ipitishe ku tundu ya f upande ya kamba ya sol, chungulia. Unafaa kuona kafimbo ka mviringo, unene kama mm 18, kamesimama wima nyuma kidogo ya mguu ya shevale upande ule wa sol, sentimita 1 mpaka 2 hivi, kuelekea chini. Hakuna kole pale! Kanashikwa na ngufu ya kamba tu, zenye zinakandamiza uso ya kontrabasi. Ndiyo maana ukilegeza kamba zote ine mara moja kanaweza kuanguka, utasikia "tok" ndani, na ukiendelea kukaza kamba bila ile ame, uso unabonyea na unaweza kupasuka, juu kamba ine za chuma zikikazwa sawasawa zinavuta zaidi ya kilo 100 zote pamoja. Upande ya kamba ya mi kuko mbao ndefu imebandikwa chini ya uso, ile haihami. Ame njo inahama.

Kama imeanguka, legeza kamba, acha pale, tafuta mutu. Kuisimamisha kunafanyika kupitia tundu ya f na chuma imepindwa kama S, na unafanya kazi kwa kupapasa zaidi kuliko kuona. Ile chuma yangu nilipindiwa na suderi moja, fundi wa kuunganisha chuma, pembeni ya barabara ya Kasenga, akaniuliza kama ni ya kufungua milango ya batu.

Kama ame iko wima, twende ku shevale, na hapa nitakaa kidogo juu karibu kila kintu kinapita hapa.

Shevale ya kontrabasi mupya ya kiwanda, mingi zinafika bila kukatwa. Ni mbao ya érable nene, ndefu, miguu yake ni flati kabisa, na uso ya kontrabasi haiko flati, iko na mugongo. Kiwanda inakuachia kazi. Batu hapa hawajui, banaisimamisha vile ilifika, na njo unapata zile mm 12. Ile ya korali ilikuwa ya zamani, ilikatwa zamani, lakini haikuwa shevale ya ile kontrabasi! Mutu alichanganya mahali fulani njiani. Niliona juu miguu ilikuwa inagusa ku pembe tu, katikati unapitisha karatasi.

Nikaipeleka ku papa moja menizie mu komine Kenya, haiko mbali na soko. Mutu wa mikono ya dhahabu. Lakini kwanza tulibishana. Yeye: "Chefu, tia kole tu chini ya miguu, itaisha." Mi: "Hapana papa, shevale haibandikwi, inasimama kwa ngufu ya kamba, siku moja itaomba kusogezwa." Yeye: "Basi nikutengenezee mupya ya mukula, mbao ya hapa, haitakufa." Mukula ni muzuri, nyekundu, batu banaifuata mpaka mu pori, lakini ni ya kitanda na meza. Shevale nzito inameza sauti, kontrabasi inakuwa kama imefunikwa na blanketi. Tulibakia na érable.

Njia ni hii, na papa aliipenda sana alipoielewa. Unachukua papie karbone, ile ya bureau za zamani, unailalisha ku uso ya kontrabasi, upande wenye wino juu, unaweka miguu ya shevale pale pale itasimama, unaisukuma kidogo sana mbele na nyuma, milimita tu. Geuza shevale: fasi zote zenye zina bluu njo zinagusa. Unakwangua bluu ile tu, na kisu kali ao siso (patasi), unajaribu tena. Mwanzo bluu iko ku pembe mbili. Kisha inaingia ndani. Mwishoni mguu muzima unakuwa bluu, na pale unajua mbao imekaa juu ya mbao. Papa alivaa miwani, akanyamaza, kila mara akipuliza vumbi ya mbao na kuangalia mu mwangaza ya mulango, bana ba kazi bakaacha rabo yao (randa) kuja kuangalia. Masaa ilipita pale hakuna mutu aliona.

Wapi itasimama? Angalia matundu ya f, kila moja iko na kamukato kadogo ku upande ya ndani, katikati hivi. Vuta mustari kwa macho kutoka kamukato moja mpaka ya pili, miguu ya shevale ikae katikati ya ule mustari. Kwa kontrabasi ya 3/4, yenye njo kipimo batu wengi duniani banapiga, hata bakubwa, utapata urefu ya kamba kutoka siye, kale kabao kadogo ku kichwa, mpaka shevale karibu sentimita 104 mpaka 106. Usiogope lile jina la 3/4, haimaanishi ya batoto.

Kisha urefu ya kamba juu ya tushi. Kwa mutu anaanza, anayepiga na bidole, na kamba za chuma, mi napimaka ku mwisho ya tushi hivi: sol mm 5 ao 6, re kama 6 na nusu, la 7 na nusu, kamba ya mi 8 mpaka 9. Kamba ya mi inaomba fasi zaidi juu inatikisika mupana zaidi. Mwenye arshe, yaani ule uta, atapenda milimita moja juu zaidi. Mwenye kamba za matumbo ya kondoo pia atazitaka juu, lakini hizo bei yake wacha tu. Unachora hizi alama kwa kalamu ku shevale, unaziunganisha na mustari ya mviringo, unakata juu ya ule mustari. Mviringo ifuate mugongo ya tushi, juu ukiifanya flati, siku mutoto atashika arshe atagusa kamba mbili kila mara anataka moja. Vile vimifereji vya kamba ku kichwa ya shevale visikuwe virefu, nusu ya unene ya kamba inatosha, na upake kalamu ya grafiti ndani ili kamba iteleze.

Sasa, ushauri wangu wenye bakubwa ba klasiki batanikasirikia: wakati shevale iko ku menizie, mulipe kabisa atie visi mbili za kurekebisha, moja mu kila mguu, zile za aluminiomu zenye kagurudumu. Banasema zinapunguza sauti kidogo. Sawa. Lakini uko Lubumbashi, hauko Vienna, na nitaeleza hapa chini kwa nini bila zile visi utakuwa na kontrabasi mbili ndani ya moja, ya kiangazi na ya mvua.

Siye sasa. Kamba zinapita juu yake zikienda ku mekanike, zile funguo za kukaza. Batu banasahau kabisa, na maumivu mingi ya mutu anaanza iko pale pale, juu mwanzo tunapiga karibu na kichwa, fa ya kwanza, si bemol ya kwanza, na kama siye iko juu, hata shevale ikuwe chini vipi, ile fa itakuvunja kidole. Kipimo ni rahisi: karti ya viziti. Ipitishe kati ya kamba na tushi, pembeni kabisa ya siye. Inafaa kupita bila kulazimisha na bila nafasi ya karti ya pili na ya tatu. Ile ya korali ilipitisha karti ine. Karti ine! Unakatia mufereji chini polepole na lima ndogo ya mviringo, ao unaviringa papie ya msasa ku kamba ya zamani na unasugua, unapima kila mara, juu ukipita chini sana kamba italia "zzz" ku tushi na siye ni ya kutengeneza upya. Mufereji uinamie kidogo upande ya mekanike. Kisha grafiti tena.

Nilipomaliza siye peke yake, shevale ikiwa bado ya juu, mutoto akashika fa na akaniangalia hivi, "Tonton, umebadilisha kamba?" Hapana, sijabadilisha.

Lakini kamba nazo tulibadilisha, nipite mbio hapa. Unabadilisha moja moja, usitoshe zote, nimekwisha kueleza juu ya ame. Weka kitambaa nene chini ya kordie, ile mbao ya chini yenye inashika mwisho ya kamba, isikwaruze. Tafuta kamba nyepesi, zile zenye mvuto mudogo: kiwanda Thomastik banaandika Weich ku pakiti ya Spirocore, D'Addario banaandika Light ku Helicore Hybrid, na hizi za pili zinafaa kwa bidole na arshe yote mbili. Ni bei, sitaficha, mara ingine kamba zinapita bei ya gita nzima ya soko, lakini za chuma zinadumu miaka, na ukipata ndugu anatoka Ulaya ao Afrika Kusini, zinalala ndani ya sanduku bila shida. Usiweke kamba za gita-bass ya umeme, ni fupi na hazikutengenezwa kwa chombo hii. Na kable ya frein ya kinga, ile baiskeli... nimeona, ndiyo, nimeona mutu alifunga, na ilitoa sauti, siwezi kusema hapana, lakini ilikula tushi mpaka ikafanya mifereji.

Tushi yenyewe haifai kuwa nyoofu kabisa kama regle. Kandamiza kamba ku siye na mukono moja na ku mwisho ya tushi na mwingine, mutu wa pili aangalie katikati: kuwe na nafasi kama milimita 1, 2 upande ya mi. Hakuna nafasi, kamba italia. Nafasi mingi sana, hata ukishusha shevale katikati itabakia ngumu. Gita ya umeme iko na chuma ndani ya shingo unazungusha, kontrabasi ya kawaida haina, kurekebisha ni kuranda ile mbao nyeusi (ébène) yenyewe, na kwa hiyo usimuachie kila mutu mwenye rabo. Mbao ikikwisha kutoka hairudi.

Haya, kiangazi.

Mwenye anakaa hapa anajua: mvua inakwisha karibu mwezi wa ine, kisha mpaka mwezi wa tisa hakuna tone, mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi ya kweli, mchana jua na vumbi nyekundu, midomo inapasuka. Mbao nayo inapasuka. Kontrabasi inapenda hewa yenye unyevu kati ya 40 na 60 kwa mia, kiangazi yetu inashuka chini ya pale kirahisi. Mbao inapokauka inajikunja, uso unashuka, shevale inashuka nao, kamba zinakaribia tushi, na mutu aliyepanga kontrabasi yake mu mwezi wa pili, mu mwezi wa saba kila noti inalia "zzz". Mvua ikirudi ni kinyume, mbao inanywa maji, inavimba kama mulango ya choo wakati wa mvua, kamba zinapanda, bidole binauma upya. Mutoto hawezi kujua. Atafikiri amerudi nyuma.

Ndiyo ile visi za shevale. Unalegeza kamba kidogo, siyo mpaka chini, unazungusha magurudumu yote mbili sawasawa, unakaza, unapima na regle. Kazi ya dakika chache, mara mbili kwa mwaka, na hauhitaji menizie. Asiye na visi lazima akuwe na shevale mbili, ya juu ya kiangazi na ya chini ya mvua, kule Ulaya kuna batu banafanya hivyo kwa kipupwe na kiangazi yao.

Na kama unanunua, hapa nasema bila kuzunguka: mutu anaanza Lubumbashi anunue ya tripleksi, ile mbao ya tabaka zenye zimebandikwa. Batu banaidharau, banataka mbao nzima, épicéa mbele, érable nyuma, kama ya bakubwa. Ni muzuri, sauti yake inafunguka miaka na miaka. Lakini mbao nzima mu kiangazi yetu, mu sale ya kanisa yenye madirisha wazi, na batu wanapokezana, itapasuka. Tripleksi inahama kidogo tu, inavumilia kuangushwa, inavumilia teksibisi. Sauti yake ni fupi na kavu, na kwa kupiga na bidole mimi hata naipenda.

Ya korali ni mbao nzima, basi tukafanya vile tunaweza. Chupa ya plastiki ya maji yenye matundu, ndani sponji imekamuliwa vizuri, inaning'inia na kamba ndani ya tundu ya f, isigusane na mbao, isidondoshe maji. Ndoo ya maji pembeni mu chumba. Mbali na dirisha ya jua, mbali na mbabula, lile jiko ya makaa, mi sijue kwa nini mbabula ya kukaanga mikate lazima ikae pembeni ya vyombo vya muziki, lakini kila kanisa nimeona ni vile. Na usiiache ndani ya gari imefungwa mchana mu mwezi wa kumi, ile joto inafungua kole yote.

Kuhusu kole. Piga kontrabasi na kifundo ya kidole kuzunguka pembeni yote, tok tok tok, polepole, fasi yenye imefunguka inatoa sauti ya kupasuka kidogo, kavu. Hiyo ni kawaida na haiko mubaya. Kontrabasi inabandikwa na kole ya ngozi ya nyama, yenye inalainika na joto na maji, kusudi mbao ikijikunja kole iachie mbele ya mbao kupasuka. Menizie akiona pale atataka kole nyeupe ao Araldite. Mukatalie. Kole nyeupe inashika sana, kiangazi yenye inafuata kole haitaachia, mbao njo itaachia, na pale unalia. Ile kole ya ngozi unaipata imekaushwa, ya chembechembe, unailoweka na unaipasha ndani ya chungu imewekwa mu maji ya moto, isichemke. Orkestre ya kanisa ya Kimbanguiste kule Kinshasa, yenye Armand Diangienda alianzisha mu 1994, balijitengenezea hata kontrabasi nzima, kwa hiyo usiniambie kufunga mushono moja hakuwezekani Lubumbashi.

Sasa kusimama. Piki, ule mguu ya chuma, ivute mpaka siye ikuwe karibu na urefu ya nyusi za mupigaji wakati amesimama wima. Kwa mwipwa yangu ilikuwa karibu yote ndani. Kontrabasi inamuegemea mwilini, ku kiuno na ku goti kidogo, mukono ya kushoto haibebi uzito hata kidogo: mwambie aachie mukono ya kushoto, kontrabasi isianguke. Kama inaanguka, gumba lake linafanya kazi ya piki, na hakuna setap ya shevale itamusaidia. Akichoka, aketi ku kiti kirefu, mguu moja juu ya kakiti kadogo, haiko aibu. Ku sakafu ya simenti laini, weka kipande ya pineu (mpira ya gari) chini ya piki.

Kwa kutyuni, mi la re sol kutoka nene mpaka nyembamba, la iko ku 55 Hz na mi ku 41 hivi, na telefone mingi hazisikii ile mi vizuri, aplikasio inarukaruka. Gusa kamba katikati yake kabisa bila kukandamiza, uipige, utapata ile noti oktavu moja juu, telefone itaisikia. Na courant ikikatika katikati ya repetisio, kila mutu wa gita na klaviye ananyamaza, weye unaendelea, hii mi naipenda kuliko yote.

Kintu moja ya kuangalia kila wiki baada ya kamba mupya. Kila mara unakaza, kamba zinavuta kichwa ya shevale mbele, kuelekea tushi. Unakaza leo, unakaza kesho, na siku moja ukiangalia pembeni unaona shevale imeinama, na shevale yenye imeinama inajikunja kwa joto ao inaanguka na kishindo usiku na kuamsha nyumba. Upande wake wa nyuma, wenye unaangalia kordie, ukae wima juu ya uso. Kama umeinama, lalisha kontrabasi chali juu ya kitanda, legeza kamba kidogo, shika kichwa ya shevale na mikono miwili, gumba upande huu bidole upande ule, rudisha nyuma taratibu mpaka miguu ilale flati, kaza tena. Nilimuonyesha mutoto kufanya peke yake, na sasa mukubwa yule wa korali akitaka kuigusa, anamwambia, "Papa, acha, nitafanya."